Hatari Aliyekalia Jiko la Shangazi

Usiku wa kuamkia leo, nikiwa nimelala kwa adabu ambayo si kawaida yangu, niliota nimesimama katika kiwanda cha mikate cha shangazi yangu Zuhura. "Kiwanda" ni neno lake. Ni chumba kimoja chenye jiko kubwa la makaa.

Shangazi ndiye anayeiletea mikate shule yetu ya bweni. Siku tatu zilizopita mafuriko yalibomoa daraja, unga wa ngano ukakwama ng'ambo. Shule ikamwambia: mikate isipofika leo asubuhi, kazi anapewa mwingine. Hayo si ndoto. Ndoto inaanzia hapa.

Hatari ameketi juu ya jiko. Ni mnene, amevaa buti za mpira, anachuruzika maji ya mto.

"Shikamoo," nasema, maana ni mkubwa kwangu.

"Marahaba. Msihangaike na chai. Nitakaa."

"Mpaka lini?" Shangazi anauliza.

"Mpaka mfunge biashara."

Namkumbuka mwalimu wetu wa biashara. Alifundisha kwamba hatari ikimzidi mtu mmoja, igawanywe. Katika mtihani wake nilipata sifuri kwa kuchora kiboko, lakini sentensi hiyo ilinibaki. Nachukua kisu cha mkate.

"Samahani, mzee. Tunakugawa."

"Taratibu mbavuni," Hatari anasema. "Nina mtekenyo."

Majirani wanapanga foleni na sahani zao. Mzee Kombo, muuza mchele, anachukua bega na kuacha gunia. "Zuhura akifunga, mchele wangu atanunua nani? Panya?" Bi Salama wa nazi anachukua mguu mzima, buti likiwemo, na kuacha nazi thelathini. Mimi napewa kidole gumba. Kila mtu anaondoka na kipande anachoweza kubeba, na jiko linabaki wazi.

Lakini Shangazi hana raha.

"Mkate wa mchele niliujaribu mara moja tu. Chini uliungua, juu ukabaki uji. Mpaka leo sijui nilikosea wapi."

"Mimi najua," inasema sauti kutoka chini ya meza.

Ni daftari. Shangazi huandika humo kila mkate uliomharibikia, kisha, kwa aibu, hulisukumiza chini ya mguu mfupi wa meza.

"Miaka kumi na moja nimebeba meza," daftari linasema. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu."

"Nakuuliza sasa, mwanangu," Shangazi anasema. "Tafadhali."

"Ukurasa wa tisa. Uliweka makaa mengi chini na machache juu ya kifuniko. Geuza."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka hotuba?"

Ghafla tuko kwenye gwaride la shule. Jiko limesimama mstarini, limechomekea shati. Shangazi anamimina rojo la mchele na nazi kwenye sufuria, anafunika, anaweka makaa mawili chini na lundo zima juu. Wanafunzi wote wanabana pumzi. Hata kiranja.

Siwezi kuvumilia. Nafunua, nachoma mkate kwa kidole gumba.

"Adabu!" mkate unafoka. "Nimeiva, lakini adabu!"

Kengele ikalia. Nikaamka.

Bwaloni kulikuwa na harufu ya nazi. Mezani ilipangwa mikate ya duara, minene, myeupe, juu imepata rangi ya kahawia. Mpishi wetu, Bi Mgeni, alikuwa anacheka peke yake.

"Shangazi yako kaileta alfajiri. Anasema kesho inakuja mingine, daraja liwepo lisiwepo. Ila kuna mmoja una tundu katikati." Akanikazia macho. "Hivi ni wewe?"

"Bi Mgeni, mimi nimetoka kitandani sasa hivi."

Alipogeuka nikaingiza kidole gumba kwenye tundu. Kikaenea barabara.

Nikala mkate huo haraka sana, kwa heshima zote. Miaka mitatu nasingiziwa mambo shuleni hapa. Hili la leo nilikuwa nimelifanya kweli.