Ndoo Safi Uani kwa Mama Mkwe

Hapana, ndoo haikuibwa. Nani kakwambia iliibwa? Ingeibwa ingekuwa afadhali, maana ndoo iliyoibwa haisemi kitu, na hii ilisema. Tena ilisema uongo, mbele za watu.

Ngoja nianze vizuri. Yule bwana alikuwa afisa mazingira wa halmashauri, ila mjini walimwita Bwana Vumbi. Kazi yake kupima vumbi la kiwanda cha saruji, na kupima kwenyewe wala si mitambo ya ajabu. Unachukua ndoo nyeupe, unaisimamisha wazi juu ya miguu mitatu ya chuma uani kwa mtu, unaiacha mwezi mzima. Kinachoanguka kinaanguka. Mwezi ukiisha unaipeleka maabara, unaacha nyingine pale pale. Wakipima kilichomo, mnajua watu wa pale wanameza nini. Basi. Hata mimi ningeweza, ila ningesahau nimeiweka wapi.

Ndoo moja aliiweka shuleni, nyingine zahanati, na ya tatu kwa mama mkwe wake. Usiseme upendeleo! Nyumba ya yule mama imeegemea ukuta wa kiwanda; bomba la moshi likikohoa, yeye ndiye wa kwanza kusema pole. Sasa kiwanda kilikuwa kinaomba kibali cha tanuri la pili, na hilo la pili lingejengwa nyuma ya jiko lake kabisa. Kamati ya halmashauri ikasema, tutaamua kwa ndoo. Vumbi likizidi, hakuna tanuri.

Siku ya majibu Bwana Vumbi aliingia kikaoni kifua mbele. Ndoo ya shule, vumbi. Ya zahanati, vumbi. Ya kwa mama mkwe, pua na mdomo na kiwanda... safi. Safi kama imetoka dukani.

Meneja wa kiwanda, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, alicheka mpaka akavua miwani.

"Mmesikia wenyewe! Walio mbali wana vumbi, aliye mlangoni kwetu hana. Hilo ni vumbi la barabara. Au letu tunalirusha kwa kombeo?"

Kikao kizima kikaangua kicheko. Bwana Vumbi akanywea, akawa kama punje ya ulezi. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja asiyependa kelele, akagonga meza. "Kesho mchana twende tukaione nyumba yenyewe. Kibali tutakitolea uamuzi huko huko."

Bwana Vumbi akafika nyumbani, hata maji hakunywa. Akamuuliza mkewe, "Ulimwambia mama asiiguse ile ndoo?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia, mama, hii ndoo ni ya serikali."

"Halafu?"

"Akasema sawa."

"Basi? Hukuendelea?"

"Wewe si ndiye mwenye ndoo? Mbona hukumwambia mwenyewe?"

Mama mkwe haambiwi, jamani. Mama mkwe anaombwa, tena kwa kuzungukazunguka, na Bwana Vumbi siku ile aliweka ndoo, akaamkia, akakimbia.

Kesho yake wakaenda, yeye na mkewe, mwenyekiti na meneja. Ua umefagiwa mpaka ungelamba asali chini. Meza imetandikwa nje, masufuria yananukia, maana yule mama alisikia serikali inakuja kwake, na serikali hailali njaa kwake. Na ndoo je? Bwana Vumbi aliiona kabla hajavuka kizingiti. Imefudikizwa kwenye kichanja cha vyombo, katikati ya masufuria, inameremeta.

"Karibuni wanangu!" mama mkwe akasema. "Na ndoo yenu ile pale. Kila asubuhi naisugua kwa majivu, jioni nairudisha juu ya chuma chake. Mkwe wangu kaniamini na kitu cha serikali, nikilaze kichafu? Nitakuwa mtu wa namna gani?"

Mwenyekiti akauliza taratibu, "Kila asubuhi, mama? Kwani inachafuka?"

"Hee! Inachafuka? Usiku mmoja tu vumbi limetanda. Nikiiacha wiki, nasakafia choo."

"Mama anatia chumvi," meneja akasema.

"Chumvi naitia chunguni, baba. Keti." Meneja akainama akae. "Ngoja!" Mama mkwe akafuta kiti kwa kitambaa, na kitambaa kikatoka kijivu. Meneja akakitazama kile kitambaa, halafu akaona heri atazame sufuria la nyama.

Mwenyekiti hakupoteza maneno. "Kipimo hiki hakifai. Kinarudiwa. Ndoo inakaa mwezi mwingine bila kuguswa, na tanuri linasubiri."

Bwana Vumbi akashusha pumzi. Aliishusha mapema.

"Isiguswe na nani?" mama mkwe akauliza, mkono kiunoni. "Mwezi mzima ndoo chafu uani kwangu? Majirani wakipita waseme nimezeeka, siwezi tena kuosha chombo? Kaiwekeni kwa mwingine."

Na mwingine hayupo, nyumba iliyogusa ukuta ni hiyo moja. Mkewe akamfinya Bwana Vumbi ubavuni, maana yake sema sasa au nyamaza milele.

"Mama," akasema, macho chini, "kosa ni langu. Nilikuletea mgeni nikakimbia, sikukwambia mgeni anataka nini. Huyu mgeni anataka kuchafuka. Ndiyo kazi yake. Ukimwosha, atasema hapa hakuna vumbi, na tanuri litakuja nyuma ya jiko lako. Hapo, mama, kitambaa hicho hakitakutosha."

Mama mkwe akafunika masufuria, moja baada ya jingine. Meneja akayaangalia yanavyofunikwa kama mtu anayezika ndugu.

"Hakiliwi kitu mpaka tuelewane," mama mkwe akasema. "Mtaweka kibao. Kiandikwe, uchafu huu ni wa kiwanda."

"Aa, mama!" meneja akaruka. "Bado haijathibitika! Andikeni ni wa halmashauri."

"Halmashauri ina bomba?" mwenyekiti akauliza.

Wakavutana. Nyama inapoa, tumbo la meneja linanguruma mpaka mke wa Bwana Vumbi akageukia ukutani acheke. Mwishowe Bwana Vumbi akasema, "Tuandike hivi: uchafu huu si wa mwenye nyumba."

Mama mkwe akamtaka arudie. Akarudia.

"Hapo umenena, mwanangu. Nilijua sikumwoza binti yangu kwa gogo."

"Hilo hata mimi silipingi," meneja akasema haraka.

Bwana Vumbi akachana boksi, akaandika kwa mkaa herufi za kuonwa kutoka barabarani, akalifunga kwenye miguu ya chuma, akairudisha ndoo juu. Mama mkwe aliiangalia kama anayemwacha mtoto bweni. Mkono wenye kitambaa ukaanza kwenda wenyewe. Binti yake akaudaka hewani.

Chakula wakakihamishia ndani, maana meza ya nje ilikuwa imeshapata unga wake. Wakanawa. Meneja akapewa nafasi ya karibu na dirisha.

"Lifunge hilo, baba," mama mkwe akamwambia. "Linaingiza wageni nisiowapikia."

Meneja akainuka mwenyewe, akalifunga, akarudi. Na hapo ndipo watu wakaketi, wakala.