Mpaka Uliokwama Ndani ya Mashine

Baba mkwe wangu ana jina zuri tu, lakini mimi silitaji, na usinichokoze. Kwetu mke wa mtu hatamki jina la baba wa mumewe. Akilitamka, tumbo linamvimba. Unacheka? Shangazi yangu Jenta alikuwa akiita wagonjwa pale zahanati, akasoma kadi bila kufikiri, akaropoka jina la mkwe wake mbele za watu. Tumbo lilianza kujaa mwezi uleule. Daktari alisema ni mapacha. Sisi tunajua ni nini. Basi mimi namwita Apai, yaani baba, na mke wake namwita Indai, yaani mama, na yameisha.

Apai ndiye mtu pekee aliyebaki katika jumba letu refu, kijiji kizima chini ya paa moja, anayeujua mpaka wote wa ardhi yetu: jiwe lipi, kijito kipi, mdoriani upi ulipandwa na nani. Kampuni ya mawese ilipoleta matingatinga nyuma ya kilima, wakili wetu wa mjini Sibu, Bi Ting, alituambia maneno matupu hayatatusaidia, mahakama inataka ramani. Mume wangu Belayong akaazima GPS ya mkononi, kidude kinachoweka nukta kila baada ya muda pale ulipo, akamchukua baba yake, wakauzunguka mpaka mzima kwa miguu. Kisha Belayong akarudi kazini kwake, kwenye mtambo wa mafuta huko baharini, na Apai akarudi mkekani. Magoti yaligoma. Sasa hata kushuka mtoni hawezi bila kushikwa, na anayemshika anatukanwa njia nzima.

Kwa hiyo mpaka wetu ulikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya kile kidude. Na Bi Ting alikuwa anautaka siku hii ninayokusimulia, kabla ya jioni. Ukichelewa, kesi itasikilizwa bila ramani, na sisi tutabaki kuhesabu michikichi ya wenzetu kwenye makaburi ya babu zetu.

Kidude chenyewe kilikuwa kikongwe. Tundu lake la waya ni la duara, la vijino vinne. Waya wake una kichwa kipana chenye matundu tisa. Laptopu yangu ina matundu mawili membamba, basi. Niligeuza waya huku, nikageuza huku, kama mtu anayemvisha nguruwe soksi.

Nilikuwa nimeagiza adapta ya kuunganisha waya na laptopu kutoka Sibu, ikaja na boti ya asubuhi. Ndani ya boksi mna adapta na CD. Karatasi inasema weka CD kwenye kompyuta. Niiweke wapi, sikioni? Laptopu za siku hizi hazina mdomo wa CD. Nikapanda kilimani kwenye tangi la maji, maana mtandao wetu unakaa kule tu, nikapakua programu ya adapta, nikashuka, nikachomeka. Laptopu ikasema: kifaa hakitambuliki. Nikapanda tena, nikapakua nyingine. Safari hii kifaa kikatambulika, ila programu ya ramani, ile ya kusomea kidude, ikasema yenyewe ni ya kompyuta za zamani, kwenye hii haifanyi kazi. Yaani wawili wamekubaliana, wa tatu anakataa. Nimeona posa nyingi zikivunjika hivyohivyo.

"Mkwe," Apai akaniita kutoka mkekani, "huyo mdudu wako katapika?"

"Bado, Apai."

"Mpige."

"Hapigwi, Apai."

"Redio yangu niliipiga, ikaimba."

"Iliimba jioni moja," Indai akadakia huku anakata popoo za kutafuna. "Tangu hapo kuku wanaitagia mayai."

Nikapanda kilima mara ya tatu, jasho linanitoka, nikampigia Belayong. Upepo wa baharini ulikuwa ukivuma ndani ya simu yake.

"Mbona hutumii kompyuta ya kanisani?" akaniuliza, polepole, kana kwamba mjinga ni mimi. "Ile kuukuu. Programu niliiweka mle."

"Na unaniambia leo?"

"Hukuuliza."

"Belayong, ukirudi usipite ngazini. Pitia dirishani, ili nikikusukuma usihangaike kurudi ulikotoka."

"Sikiliza, naitwa kazini. Neno la siri ni jina la Apai."

"Apai gani?"

"Baba yangu! Jina lake!"

"Mwanaume, una akili kweli? Nani ataliandika?"

"Nilidhani nitaliandika mimi," akasema. Simu ikakatika.

Siku hiyo jumba lilikuwa tupu, watu wote wako mashambani wanavuna mpunga. Tulibaki sisi watatu na mbwa. Apai akasema mpaka ni wake, habaki nyuma, kwa hiyo nikampakia kwenye toroli la mpunga nikamsukuma veranda nzima mpaka chumba cha kanisa mwishoni mwa jumba, Indai nyuma yetu, naye ananiamuru nikanyage mbao nzima. Katekista alikuwa amekwenda mazishini, ufunguo kauacha msumarini.

Ile kompyuta nikaiwasha, ikanguruma, ikatulia, ikanguruma tena. Nyuma yake, chini ya vumbi, mlikuwa na tundu la meno tisa. Waya ukaingia wenyewe. Nusura nilie. Nikafungua programu ya ramani, nayo ikaniuliza neno la siri.

Nikaondoa mikono.

"Andika," Apai akasema.

"Siwezi, Apai. Ni jina lako."

Hao wazee hawajui kusoma, na hapakuwa na kijana wa kumkimbilia.

"Nionyeshe pa kubonyeza, nibonyeze mwenyewe," Apai akasema. "Jina ni langu, halitanidhuru."

Akajaribu. Kidole chake kimoja kinafunika vitufe vitatu. Alibonyeza mara moja, zikatoka sita. Na Indai tayari alikuwa amekasirika.

"Kumwonyesha herufi moja moja si ndiyo kumtaja? Umemtaja vipande vipande, tofauti iko wapi?"

"Mimi sitatamka, Indai. Ni kidole tu."

"Kidole kimetoka kwa nani? Kimeazimwa?"

"Jua linashuka, Indai. Bi Ting anangoja."

Akafikiri. Akatoa kisu chake cha popoo, akakifuta kwenye sketi, akanipa. "Ng'ata."

Kwetu mtu anayekaribia hatari hung'ata chuma ili roho ikaze. Nikakiweka kisu menoni, nikaanza kuandika jina la baba mkwe wangu, mwenyewe akiwa kwenye toroli kando yangu, udenda unanichuruzika kidevuni. Cheka wewe, tumbo si lako.

Indai akasogeza uso kwenye kioo. "Mbona sioni jina? Naona vidoadoa."

"Inaficha," nikasema kwa meno.

"Inaficha?"

"Haitaki jina lionekane."

"Ala!" Indai akapiga makofi. "Kumbe mashine ina adabu! Imelelewa vizuri kuliko mwanangu."

Nikabonyeza kuingia. Ikaniambia neno si sahihi. Kitufe cha herufi kubwa kilikuwa kimewashwa. Kwa hiyo nilimkosea heshima mara mbili, na ya kwanza ilikuwa ya bure kabisa. Ya pili, ikafungua.

Mstari ukaanza kujichora, mwekundu, nukta baada ya nukta. Ukatoka mtoni, ukapanda kilima, ukafuata ukingo, ukashuka kijito. Apai alishika kingo za toroli akasogea mbele.

"Mimi ni yupi hapo?"

"Wote huo ni wewe, Apai."

Mimi nikawa nahangaika na flashi. Yangu mpya kompyuta haikuitambua, inasema ni kubwa mno. Ya kwaya ikatambulika, lakini imejaa nyimbo. Nikafuta Krismasi yote. Mungu anajua nilikuwa na haraka.

Ikabaki kusafisha. Bi Ting alinionya: wakiona popote mstari umevurugika, watasema mashine ni mbovu na ramani nzima ni uongo. Na kweli, juu ya kijito, upande wa mbali kabisa, nukta zilikuwa zimerundikana moja juu ya nyingine, fundo tupu. Nikachagua kifutio.

"Unafanya nini?" Apai akauliza.

"Nafuta kosa. Hapa mashine ilichanganyikiwa, ikaandika palepale, palepale."

"Hapo ni wapi?"

"Juu ya kijito, Apai. Kwenye mahame ya jumba la zamani."

"Usifute."

"Wakili amesema..."

"Mkwe, usifute." Sauti ilikuwa ndogo, na mimi sijawahi kumsikia akizungumza na mtu bila kufoka. "Si kosa. Nilikaa hapo. Nimezaliwa hapo, na ile midoriani aliipanda mama. Nilijua haya magoti hayatanirudisha tena. Nikakaa. Belayong alitaka twende, nikamwambia angoje, nafunga kamba za viatu."

Indai akamgeukia. "Wewe? Wewe hujawahi kuwa na viatu vya kamba tangu uliponioa."

"Ndiyo," Apai akasema. "Naye alinitazama miguuni, akakaa chini, akangoja."

Indai akalishika lile toroli, akalisogeza karibu zaidi na kioo ili mzee aone vizuri.

Mimi nikatoa mkono kwenye kipanya. Nikahifadhi mpaka wetu na fundo lake, nikachukua flashi na laptopu, nikaanza kupanda kilima. Bi Ting akitaka kugomba, na agombe.