Banda la Matanga

Watu wa Ganda wakiisikia pikipiki ya Laban Nyale walikuwa wakifunika matofali kwa makuti. Laban alikuwa mkaguzi wa majengo, na si kwamba alikuwa mtu mbaya, la. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu: aliamini kila neno lililoandikwa katika kanuni za ujenzi. Choo cha shangazi yake mwenyewe alikipiga alama nyekundu kwa sababu kilikisogelea kisima kupita kiasi, na shangazi mtu akamnunia mwaka mzima. Muulize ua ukifika urefu gani unahesabiwa kuwa ukuta, atakueleza mpaka chai ipoe. Ndiyo maana alifika miaka arobaini na miwili hana mke. Nani akalale na kanuni?

Siku ya siku alisimama mbele ya banda la Sidi, kopo la rangi mkononi. Sidi alikuwa mjane, na katika banda lile la nguzo na mabati, kando ya barabara, aliuza mahamri, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi. Watoto wake wawili walisomeshwa na mahamri hayo. Laban alikuwa ameshapima: banda lilikuwa mita nne kutoka hifadhi ya barabara, na sheria inataka sita.

"Bi Sidi, hili ni jengo. Kibali kiko wapi?"

"Si jengo hilo, bwana. Ni banda la matanga."

"Matanga ya nani?"

"Ya mume wangu, Kambi. Yule pale." Akaelekeza mwiko nyuma ya banda, kwenye kaburi la saruji lililopakwa chokaa. "Mwaka wa pili huu, na matanga bado hatujayaondoa. Mwenye kuyaondoa ni shemeji yangu Kiponda, ndiye mkubwa wa nyumba, naye yuko Adu hajaja. Haya, kanuni zenu zasemaje?"

Lo! Laban alizijua zasemaje. Banda lililosimamishwa kwa ajili ya harusi au msiba ni jengo la muda, halihitaji kibali mpaka shughuli ikamilike. Na wala hazikusema shughuli ichukue siku ngapi, kwa sababu aliyeziandika hakuwajua watu wa huku, ambao matanga huweza kungoja mpaka mbuzi apatikane na ndugu wote wapatane. Alilifunika kopo lake taratibu. Miaka kumi na tano ya kazi, na hakuwahi kushindwa kwa kanuni zake mwenyewe. Akaketi kwenye benchi, akaagiza chai na mahamri mawili, na ugonjwa wake ukaanzia hapo.

Tangu hapo kila Jumanne alikuja kukagua.

"Matanga yamekwisha?"

"Bado."

"Basi nipe mbaazi."

Vijana wa bodaboda walimcheka mpaka wakachoka. Mkaguzi gani huyu anakagua sufuria? Sidi naye alianza kumwekea hamri la kwanza kutoka mafutani, lile lililofura vizuri, ingawa ukimuuliza angekuapia kwamba hajui unasema nini. Lakini Laban hakufungua mdomo. Mwanamke aliye kwenye matanga hasemeshwi habari za ndoa, hiyo ni adabu ya kwao wote wawili, na mtu anayeheshimu kanuni za kaunti ataanzaje kuvunja za wazee? Akawa amekwama, masikini. Matanga yakiendelea, banda lasimama na yeye hawezi kusema. Matanga yakiisha ataweza kusema, ila atakuwa amekuja na notisi ya kubomoa. Na banda halingeweza hata kusogezwa: mbele barabara, nyuma kaburi la Kambi.

Ndipo Kiponda alipopiga simu kutoka Adu. Mbuzi amepatikana, anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, matanga yaondolewe marehemu apumzike. Sidi alijaribu kusema labda wangojee mvua. Shemeji akamuuliza wangojee mvua wamzike mara ya pili?

Jumanne ile mahamri yaliungua upande mmoja. "Baada ya Jumamosi utakuja na rangi yako," Sidi alisema bila kumtazama.

"Sheria ni sheria, Bi Sidi," Laban akajibu, na moyo ukamuuma kwa jibu lake mwenyewe.

Sasa, ng'ambo ya barabara palikuwa na ploti ya mikorosho iliyoachwa na marehemu baba yake Laban. Ploti ya kilimo, hairuhusiwi biashara. Laban alikaa siku tatu akajaza fomu za kuibadilisha matumizi, kutoka kilimo kuwa mgahawa. Alichora ramani kwa mkono wake. Faili akalipeleka kwa mkubwa wake, Madam Fridah, akamwambia, "Hili langu, mimi siligusi. Amua wewe." Kisha, kama sheria inavyotaka, akapigilia kibao kwenye ploti adhuhuri moja, Sidi akiwa amekwenda kusagisha mahindi. Kibao kilikuwa na nambari ya ploti tu, bila jina la mtu: matumizi ya ardhi hii yanakusudiwa kubadilishwa kuwa mgahawa, mwenye pingamizi aandike ndani ya siku kumi na nne.

Angeweza kumwambia. Mimi na wewe tungemwambia. Laban aliona kwamba mwombaji kumnong'oneza jirani kabla siku za pingamizi hazijaisha ni kuharibu faili, na kumtayarishia mjane nyumba kabla ya matanga kuisha ni kukosa adabu. Akanyamaza.

Sidi alirudi, akakisoma kibao, akatua debe la unga chini.

"Ala! Yaani hata banda langu halijaanguka, mtu amekwisha kuja kuota moto kwa mbao zake?"

Jumanne iliyofuata alikuwa na barua kurasa mbili na sahihi arobaini na moja. Bodaboda wote walitia. Shangazi wa choo alitia mara mbili. Sidi akaisukuma barua mbele ya Laban, juu ya sahani ya mbaazi. "Wewe ndiye mlaji wangu mkubwa. Tia sahihi."

Laban akaitazama kalamu. "Siwezi."

"Huwezi nini? Kuandika?"

"Siwezi kuipinga ploti ile."

Sidi akaondoa sahani, mbaazi zikiwa bado nusu. "Kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako. Huyo mwenye ploti amekulisha nini kuliko nilichokulisha mimi? Nenda. Chai ya leo sitaki kitu, iwe sadaka."

Alikwenda. Na kwa kuwa ndiye aliyekaa kaunta ofisini Jumatano, Sidi alipoleta barua ile ni yeye aliyeigonga mhuri wa kupokea, akaandika tarehe na saa, akampa nakala yake. Sidi hakumpa hata salamu.

Siku kumi na nne zilipoisha, Madam Fridah aliitisha kikao Ijumaa, siku moja kabla ya matanga kuondolewa. Alikuwa mama mnene mwenye miwani, na tangu asubuhi alikuwa anajizuia kucheka. Sidi alisimama na kanga zake mbili, akasema kwelikweli, na nyuma yake wale bodaboda wakaitikia kama kwaya. Alisema kuna watu wanaongojea mjane aanguke ndipo wafungue duka. Alisema mtu asiye na ujasiri wa kutokea mbele akataja jina lake hafai kuwapikia watu. "Ajitokeze!" akasema. "Nimuone uso!"

"Mwombaji, simama," Madam Fridah akasema.

Laban akasimama. Chumba kizima kikageuka kumtafuta mtu mwingine nyuma yake.

"Ploti ni ya marehemu baba yangu," akasema akiitazama meza. "Aliyeomba ni mimi."

"Wewe!" Sauti ilimpasuka Sidi. "Laban, wewe?"

"Soma ukurasa wa pili, mama," Madam Fridah akasema, akamsogezea faili.

Sidi akasoma kwa kidole. Mwendeshaji wa mgahawa: Sidi Mbeyu. Aina ya jengo: la kudumu. Umbali kutoka hifadhi ya barabara: mita sita na nusu. Akarudia mstari wa kwanza, kidole kikakwama kwenye jina lake. Bodaboda mmoja nyuma akauliza kwa sauti kama sahihi yake inaweza kurudishwa.

Lakini Sidi hakuwa mtu wa kushindwa upesi, tena mbele ya watu. Akaifunua ramani, akatafuta kosa, akalipata. "Na mchoro huu wa kijinga kachora nani? Dirisha la jikoni linaelekea barabarani! Vumbi lote la magari si litaingia chunguni? Dirisha la jikoni huwekwa nyuma, hata mtoto ajua."

"Nimechora mimi," Laban akasema. "Nyuma ni mikorosho tu. Dirisha likikaa pale, ukisimama jikoni utaliona kaburi la Kambi ng'ambo. Nimepima, ni mita thelathini na moja. Nilifikiri... umezoea kupika naye karibu."

Sidi aliishika ile ramani kwa mikono miwili, kisha akaushika upindo wa kanga akajifuta macho, akaona haijatosha, akakaa akalia waziwazi, kilio alichokosa wakati wa kukilia miaka miwili kwa sababu ya wateja. Laban alitaka kumwendea, akabaki amesimama upande wa mwombaji, kwa kuwa kikao hakijafungwa.

Alipomaliza, Sidi akapenga kamasi na kusimama tena. "Madam, pingamizi naliondoa. La vumbi pia. Tutaweka wavu." Akainua kidole. "Lakini ninalo jipya. Nimeitazama ramani yote. Jiko lipo, stoo ipo, choo kipo mbali na kisima. Mahali pa kulala pako wapi? Au mwombaji alidhani nitakuwa narudi ng'ambo kila jioni kama kibarua?"

Masikio ya Laban yalikuwa yanawaka. "Chumba cha kulala ni fomu nyingine, Bi Sidi," akasema kwa sauti ndogo. "Hiyo... huwa inataka sahihi mbili."

Bodaboda wakapiga vigelegele kama wanawake. Madam Fridah akagonga meza kutaka utulivu, na miwani ikamdondoka.

"Nyamazeni! Mimi bado niko kwenye matanga," Sidi akasema, akikunja nakala yake ya ramani na kuitia kifuani. Akaelekea mlangoni, akageuka. "Kiponda anachinja kesho saa nne. Alasiri tutakuwa tumemaliza. Ikifika saa kumi na moja, Bwana Nyale, uje na nyundo yako ulibomoe lile banda, sheria ni sheria. Na fomu uje nayo."