Marehemu Akalala Mahali Pake

Siku ya kupiga picha za tamthilia ya televisheni, kiwanda cha nyama ya kopo kilisimamisha mashine baada ya chakula cha mchana. Wafanyakazi waligawiwa mabuti meupe mapya na kuonywa kwamba jioni yatarudi stoo. Tamthilia ya polisi ilitaka tukio moja tu: mfanyakazi amekufa kwenye mashine ya kusagia nyama, inspekta anamsaka muuaji.

Mwigizaji wa maiti hakutokea. Akatokea mke wa kinyozi wa mtaani, mwanamke ambaye mashine hiyohiyo ilimuua mwaka uliopita. Aliingia kwa mlango wa wafanyakazi, akanawa mikono, akalala sakafuni mahali pake.

"Maiti anapepesa macho!" mwongozaji alifoka. "Dada, umewahi kumwona mtu aliyekufa kweli?"

"Samahani, kaka," akasema marehemu. "Ila hadithi yenu mmeikosea. Hakuna aliyenisukuma. Mashine haikuwa na kinga. Waliing'oa ili kazi iende mbio, tukasema mpaka tukachoka."

Inspekta, ambaye hata mkanda alikuwa amefungwa na mtu wa mavazi, alimtazama mwongozaji. Mwongozaji akamtazama mwenye kiwanda, mfadhili wa tamthilia, aliyekuwa akila mkate na mayai kutoka nyumbani kwake. Nyama yake mwenyewe ya kopo hakuwahi kuionja.

"Nani atazame mashine?" mwenye kiwanda alisema akitafuna. "Watu wanataka mapenzi. Mume ndiye kamuua. Wivu."

"Mume wangu?" marehemu akauliza. "Yule hata kuku huchinjiwa na jirani."

"Maiti haongei," mwongozaji akasema, na kazi ikaendelea.

Kipindi kilirushwa Jumapili. Kila mara inspekta alipokaribia kusema la maana, tangazo la nyama ya kopo lilimkatiza. Mwishoni mume wa kuigiza alitiwa pingu huku akilia vizuri sana. Mtaa mzima ulitazama, wakiwemo waliombeba mke wa kinyozi kutoka kiwandani kwa mikono yao.

"Kumbe kinyozi ndiye!" mama muuza duka alisema kesho yake. "Na vile alivyojifanya kuzimia makaburini."

Tangu hapo hakuna aliyetaka kuweka shingo yake chini ya wembe wa kinyozi. Kiwandani mashine ilisaga vilevile, mwanamke mwingine akiilisha kwa mikono.

Asubuhi moja marehemu aliingia kibandani kwa mumewe, akaketi kwenye kiti cha wateja, akajifunga shuka shingoni.

"Unataka nini, mke wangu?"

"Wapitao waone una kazi. Anzia kisogoni, taratibu. Mimi sina pa kuwahi."