Mzee Bado Yuko Zamu

Jumapili ile alasiri Bibi alifika kituo cha polisi akihema. Mumewe, askari mstaafu ambaye siku hizi kumbukumbu zake zilikuja na kukatika kama umeme, alikuwa ametoka nyumbani wakati Bibi anaanua nguo. Koti lake la zamani la kazi nalo halikuwepo. Mtaa mzima hakuna aliyemwona.

Zamani kituo hicho kilikuwa na kaunta ya mbao, na nyuma yake sajini mnene aliyewajua watu mpaka mama zao. Ukija unalia, alikupa kwanza kiti, ndipo akuulize. Sasa palikuwa na kioo, na nyuma ya kioo kijana mwenye kompyuta.

"Shikamoo, Bibi. Umechukua namba?"

"Marahaba. Mume wangu amepotea."

"Pole sana. Namba zinatoka kwenye mashine, hapo mlangoni."

Bibi aligeuka akautazama ukumbi. Viti vyote vilikuwa vitupu. "Niko peke yangu, mwanangu. Namba ya kumtangulia nani?"

"Mfumo haufunguki bila namba, Bibi."

Akaifuata namba, akarudi nayo. Kijana akamuuliza anakoishi, akabofya, akakunja uso.

"Huko siku hizi ni kanda nyingine. Tuligawanywa. Inabidi uende kwao, au uripoti kwa simu."

"Mume wangu kafanya kazi hapa mpaka kaota mvi! Mmegawana mji kama mirathi. Haya, yeye kaangukia fungu la nani?"

Askari wa kike aliyekuwa akipita alishindwa kuzuia kicheko. Lakini alirudi na glasi ya maji, akavuta kiti. "Kaa, Bibi. Kunywa kwanza." Pamoja na hasira zake, Bibi aliona kwamba binti yule aliipangusa glasi kabla ya kumpa.

Hajamaliza kunywa, redio iliyokuwa kiunoni mwa binti ikakoroma: kamera imemwona mwanamume barabara ya maduka, anatikisa kufuli za maduka yaliyofungwa. Gari liende, wawe waangalifu, huenda ana silaha.

Maji yakamwagikia Bibi mapajani. "Ndiye huyo! Enzi zao doria ilikuwa kwa miguu, kila kufuli wanaitikisa kuona kama imefungwa. Jamani, wasimkamate kwa nguvu. Mifupa yake ni kama vijiti vya kiberiti!"

Binti hakuuliza namba. Alisema redioni, "Huyo ni mwenzetu, mstaafu. Asiguswe. Nakuja na mkewe."

"Afande, na mfumo je?" aliuliza kijana wa kioo.

"Uambie usubiri."

Walimkuta Mzee amesimama mbele ya duka la vitambaa, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni. Konstebo kijana alikuwa akimbembeleza kando ya gari.

"Baba, panda basi tukupeleke nyumbani."

"Sijabadilishwa," alisema Mzee. "Askari haachi lindo mpaka mwenzake aje kupokea."

"Siku hizi tunaweka kidole tu kwenye mashine, Baba."

"Hiyo mashine ndiyo italinda duka?"

Bibi akasogea. "Mzee wangu, twende. Jua linazama na miguu inaniuma."

"Mama, raia haruhusiwi kumsumbua askari aliye zamu."

"Raia! Miaka yote hiyo nakufulia hilo koti, leo mimi raia!" Bibi alimgeukia konstebo, akamnong'oneza kwa ukali. "Simama wima, piga saluti, sema umekuja kupokea lindo. La sivyo tutalala hapa."

Konstebo alivaa kofia yake vizuri, akakanyaga chini kwa kishindo, akapiga saluti. "Nimekuja kupokea lindo, afande!" Hakucheka hata kidogo, na Bibi akamwombea heri kimoyomoyo.

Mzee akarudisha saluti. Akapiga hatua kuelekea gari, na Bibi akashusha pumzi. Kisha Mzee akasimama, akatazama chini, miguuni pa konstebo.

"Viatu gani hivi? Sikabidhi mtaa kwa mtu mwenye vumbi."

Konstebo alimtazama Bibi. Bibi alikuwa ameshaketi kwenye ngazi ya duka, anavua kandambili.

"Futa, mwanangu," alisema. "Na visigino pia. Huko ndiko anakomalizia ukaguzi."