Kisu cha Marehemu Baba

Jumapili hiyo Dada Mkubwa alinoa kisu kwenye kinoo, akakijaribu ukali kwa ukucha, akaridhika. Alimning'iniza sungura kwenye msumari wa mlango wa jikoni, akakata kuzunguka miguu ya nyuma, akaivuta ngozi kwenda chini kama anayemvua mtoto sweta. Ilitoka nzima. Kisu kilikuwa kikali hata sungura hakujua kwamba amechunwa. Alifumbua macho, akateremka, akaketi kwenye kigoda.

"Humu ndani kuna baridi," alisema.

"Pole. Moto bado haujakolea." Dada Mkubwa akamfunika kwa kitambaa cha vyombo, akaendelea kumenya vitunguu.

Kisu kilikuwa cha marehemu baba yao. Mjomba alikuja siku hiyo kumkabidhi kisu hicho yule anayelisha nyumba, na atakayekabidhiwa ndiye angekuwa na kauli juu ya nyumba yenyewe. Mitego yote kule kichakani aliitega Dada Mkubwa, alfajiri, kaka yake akiwa anakoroma. Kaka huyo aliitwa Bunduki, ingawa hakuwahi kuwa nayo.

Sebuleni Bunduki alikuwa anasimulia. "Nikanyata, nikanyata. Sungura akanitazama, nami nikamtazama."

"Mwanangu, moyo wa simba!" Mama akasema.

Sungura akaingia, ameshikilia kitambaa chake kiunoni, Dada Mkubwa nyuma yake.

"Shikamooni, wakubwa. Samahani kwa kukatiza. Mimi nilinaswa kwenye waya wa huyu dada. Huyu bwana leo ndiyo kwanza namwona."

Mjomba akamtazama kwa makini, akaweka kikombe chini.

"Wewe ni sungura, siyo?"

"Ndimi."

"Ujanja wako tunaujua tangu utotoni. Ushahidi wako nani ataupokea?"

Wote wakakubali kwamba Mjomba amesema neno. Mama akamwuliza Dada Mkubwa kwa nini chakula kinatembea sebuleni wageni wakiwa na njaa.

Jikoni, sungura aliketi tena kwenye kigoda.

"Nimejaribu," alisema.

"Nimesikia. Asante, ndugu yangu."

"Usisahau chumvi. Watu kama hawa watatafuta pa kulaumu." Akamrudishia kitambaa, amekikunja vizuri, akaingia sufuriani mwenyewe, kwa sababu huko kulikuwa na joto.

Nyama iliiva vizuri. Paja lilikwenda kwa Bunduki. Alipoling'ata, paja likasema, "Alikuwa amelala." Bakuli la mchuzi nalo likasema hivyohivyo, kwa sauti nzito zaidi.

"Chumvi imekaa sawa," Mjomba alisema, akiongeza mchuzi.

Maneno yalisikika tena tumboni mwa Bunduki, kwa mbali, kama jirani anayegombana nyuma ya ukuta. Bunduki akacheua. Wakamwambia hiyo ndiyo shibe ya mwanamume.

Kisha Mjomba akasimama, akamkabidhi Bunduki kisu, akamwombea mkono mwepesi. Dada Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na sahani chafu mikononi. Alitaka kusema kitu, lakini mifupa yote kwenye sahani ilikuwa inakisema, na hakuna aliyegeuza shingo.

Bunduki alikishika kisu kwenye makali. Damu ikachuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mmeona?" Mama akapiga makofi. "Kimemtambua mwenyewe!"

Wakashangilia. Dada Mkubwa akatua sahani, akaenda kutafuta kitambaa cha kumfunga.