Ukanda Uliokufa

Jumapili hiyo nilifungua duka langu la kutengeneza simu hapa Merigi kwa ajili ya mteja mmoja tu, na kutulia nilishindwa. Nilikaa, nikasimama, nikafagia mahali palipokuwa safi. Rodah, Mama Kiplimo, alikaa kwenye benchi na nguo zake za kanisa, mikono mapajani, na utulivu wake ulinikera.

Simu yake ilikuwa mezani, imefungwa kwa namba ya siri. Juu ya kioo ulionekana ujumbe wa Kiplimo, mwanawe aliye Qatar, ambaye aliondoka wakiwa wamekosana: "Mama, nimepiga Jumapili tatu hushiki. Nitapiga leo saa kumi. Usiposhika nitajua hujanisamehe, na sitakusumbua tena."

Kumjibu hatukuweza. Namba ya Kiplimo ilikuwa humo ndani, na laini ambayo mama huyu alisajilia WhatsApp alishaipoteza, kwa hiyo hatungeweza kuifungua kwenye simu nyingine. Chini ya kioo cha simu kuna nyaya nyembamba zisizoonekana, zimepita mlalo na wima kama mistari ya majani chai, kisha zote zinateremkia ukingoni zikiwa zimebanana. Mvua ilimnyeshea shambani, maji yakaingia pale ukingoni, yakala nyaya chache. Kioo kilikuwa kizima, lakini ukanda mmoja wa mlalo katikati ulikufa, na kitufe cha 5, kilichomo kwenye namba yake ya siri, kilikuwa hapo hapo. Hata kitufe cha kijani cha kupokea simu kilipovutwa juu kililazimika kuvuka hapo.

Haya niliyajua asubuhi hiyo. Mwezi uliopita, aliponiletea simu mara ya kwanza, sikuikagua hata. Nilikuwa na haraka zangu. Nilimwambia, "Mama, hii si jembe. Gusa na ncha ya kidole, polepole." Akanishukuru, akaenda.

"Huyo rider wa boda amefika wapi na hiyo screen mpya?" Rodah akauliza.

"Anasema ako Bomet." Alikuwa Bomet kwa saa nzima sasa.

Saa kumi na dakika mbili simu ikalia. Niliinyakua, nikavuta kitufe kwa ncha ya kidole changu chembamba. Kikafika katikati, kikarudi chini. Nikarudia, kikarudi. Kidole kikiingia tu kwenye ukanda ule, simu ilidhani nimekiinua. Machozi ya hasira yakanitoka.

"Lete, Phelis," akasema.

Safari hii alilisahau somo langu. Alilaza kidole gumba chote juu ya kioo, kipana, kilichochuma chai miaka thelathini, akakisukuma. Sehemu yake ya juu ilifika ng'ambo wakati ya chini ingali imeshika nyaya nzima za upande huu. Kitufe kikavuka.

"Kiplimo," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kama ningenyamaza mwezi ule, angeendelea kutumia gumba lake, na angeshika simu zote tatu.

"Mama, mbona ulikuwa hushiki?" Sauti ya Kiplimo ilijaa duka. Waliongea Kipsigis, lugha ninayoisikia vizuri kuliko ninavyoiongea.

Rodah akaniangalia. Nilingoja nitajwe.

"Simu ilinyeshewa, mwanangu," akajibu. "Niko hapa kwa Phelis. Amenisaidia sana."

Nikatoka nje, nikajifanya namwangalia rider.